Bwana Pole na Bomba la Kwenye Buti

Mdogo wangu ni fundi wa matairi, na kabla sijasema lolote juu yake ijulikane kwamba jeki ya kwanza aliyoishika maishani nilimpa mimi. Watu wakimsifia huwa wanaruka hapo. Mimi siruki.

Mjini wanamwita Bwana Pole. Ukimpelekea tairi lililopasuka anakwambia pole. Kisha anainama, analipapasa lile tairi, na hilo nalo analiambia pole. Siku moja nimemsikia kwa masikio yangu mawili akiupa pole msumari aliokuwa ameung'oa, sijui kwa vile alikuwa ameutoa mahali pake pa joto. Ana mikono mipana kama makoleo na sauti ndogo kama ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Kwa siku nzima hasemi maneno zaidi ya ishirini. Maneno ya ukoo wetu yote nilipewa mimi, na nimeyatumia vizuri, sina deni na mtu.

Karakana yake ni banda la mabati la kuingia magari mawili. Mlangoni kuna kompresa inayokohoa kama babu, ndani kuna mashine ya kuvulia matairi na beseni la maji la kutafutia matundu. Ukutani spana zimepangwa kuanzia kubwa mpaka ndogo, na nyuma ya kila spana amechora umbo lake kwa rangi nyeupe, ili ikikosekana pengo lionekane. Nyuma ya banda ndiyo nyumba, vyumba vitatu, na dirisha la jikoni linalotazama karakana. Dirisha hilo shemeji yangu, mke wake, analitumia kama simu. Akitaka kitu anapiga kelele hapo, na mtaa mzima unapokea.

Wana binti mmoja, mwalimu wa hesabu katika mji ulio mbali kwa mwendo wa saa tatu. Akili hizo za hesabu hakuna anayejua kazitoa wapi, ingawa nina mawazo yangu. Huyo binti ana mtoto wa mwaka mmoja na nusu tunayemwita Kibonge. Kibonge miguu yake ilichelewa kupata nguvu, kwa hiyo kila Jumatano lazima apelekwe hospitali kubwa akanyooshwe na kufanyishwa mazoezi. Kati ya nyumbani kwao na hospitali kuna mteremko mrefu wa kona tisa. Mama yake amezihesabu. Kwa ajili ya mteremko huo na hizo Jumatano alijinyima miaka miwili, akanunua gari.

Ijumaa moja mchana akaja nalo. Gari dogo la bluu, si jipya, ila rimu zake zinang'aa mpaka unajiona meno. Alishuka kabeba mtoto kiunoni, akaturushia ufunguo kama tajiri.

"Nimelinunua mwenyewe! Sikumwuliza mtu!"

"Hata mimi baba yako mkubwa hukuniuliza?" nikasema.

"Wewe ndiye hasa ambaye sikutaka kukuuliza, Baba Mkubwa. Ungenichagulia lori."

Baba yake alilizunguka gari mara mbili, akakuna kidevu, akacheka kimya kimya. Kwake yeye hiyo ni hotuba.

"Baba, ni zima kabisa," binti akasema. "Kuna kataa kamoja tu hapa kwenye dashibodi kananisumbua. Haka ka njano, kama kiatu cha farasi chenye alama ya mshangao katikati. Kameanza juzi. Nikiwasha gari kanapepesa kama dakika nzima, halafu kanatulia kanabaki kanawaka."

"Nitakaangalia kesho," Bwana Pole akasema.

Sasa hapa niwaeleze, maana wapo wenye magari makubwa wasiojua taa hiyo ni ya nini. Ndani ya kila tairi, palipo na valvu ya kujazia upepo, kumefungwa kidude kinachoitwa sensa, kinakaribia ukubwa wa kiberiti. Kazi yake ni kupima upepo na kulipigia gari simu ya redio: huku kwangu kuna pauni thelathini na tatu, huku kwangu kumepungua. Upepo ukipungua, taa inawaka na kutulia. Taa ikipepesa kwanza, maana yake ni nyingine: kuna sensa haipokelewi, labda imekufa. Ina betri ndani ambayo haifunguliwi wala haichajiwi. Miaka ikifika inazima, unaitupa na kununua mpya. Na kila sensa ina namba yake kama kitambulisho. Gari linazijua namba zake nne tu. Ukifunga mpya bila kuitambulisha, linaiangalia kama mgeni aliyeingia chumbani bila hodi. Haya nimeyasema mimi niliyeishia darasa la sita, na mtu akiniletea mhandisi ayaseme vizuri kuliko hivyo nitampa kiti changu.

Jumamosi asubuhi, binti yuko ndani anamwogesha mtoto, Bwana Pole akapandisha gari jeki. Mimi nilikaa kwenye kigoda na kikombe cha chai, kusimamia. Akavua gurudumu la kwanza, akatoa upepo, akalivua tairi, akaingiza mkono kwenye rimu kutafuta sensa.

Mkono ukazunguka. Ukazunguka tena.

"Kaka."

"Nini?"

"Hamna kitu."

"Hamna kitu kivipi? Imekufa?"

"Haimo."

Ilikuwa valvu ya kawaida, ile ya mpira. Akaenda kwenye gurudumu la pili, nalo ni hivyo hivyo. La tatu, la nyuma kushoto, kabla hajalivua akalipima kwa geji. Akaitazama geji, akaifuta kwa shati, akapima upya. Pauni kumi na nane. Tairi linalotakiwa kuwa na thelathini na tatu lilikuwa na kumi na nane, na kwa macho lilionekana limeshiba kama mengine tu.

Basi Bwana Pole akasimama. Hakuliangalia tena gurudumu. Alikuwa analiangalia buti, na mimi nikaacha kunywa chai, kwa sababu nilishajua anachokwenda kukitafuta.

Alifungua buti, akainua zulia, akatoa tairi la akiba. Chini yake, limeviringishwa gunia lisigonge, kulikuwa na bomba la plastiki, lile la maji, urefu wa mkono toka kiwiko mpaka vidole. Limezibwa pande zote mbili. Upande mmoja lina valvu. Na kwenye kizibo kuna mistari miwili mifupi ya rangi nyeupe, alama ambayo fundi mmoja tu duniani anaiweka kwenye kazi yake.

Niseme ukweli. Wazo la bomba lilikuwa langu.

Miaka minne nyuma alikuja mtu na gari hilo hilo, enzi hizo la kijivu, kabla halijapakwa bluu, anataka kufungiwa rimu za kung'aa. Sensa zake za zamani hazikukaa kwenye rimu hizo. Ukizitoa, taa inawaka. Mwenye gari hataki taa na hataki sensa nyingine, anataka gari lake saa kumi. Mdogo wangu hajui kukataa, alisimama tu anasema pole, pole. Ndipo mimi nikasema: sensa zinataka nini? Zinataka upepo. Tuzipe upepo wao peke yao. Tukazitia zote nne ndani ya bomba, tukaziba, tukajaza pauni thelathini na tatu, tukalificha kwenye buti. Gari likasikia sensa nne zinasema kwangu shwari, taa ikazima. Niliringa mwezi mzima! Watu wakasikia, wakaja. Tulitengeneza mabomba kumi na moja. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kwamba gari huuzwa, na anayelinunua haambiwi kilicho chini ya tairi la akiba.

Sensa moja mle bombani ilikuwa imefikisha umri wake ikafa, ndiyo taa ikaanza kupepesa. Isingekufa, tusingejua.

Bwana Pole aliketi juu ya tairi na lile bomba mapajani, kalishika kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake.

"Sikiliza," nikamwambia kwa sauti ya chini, maana dirisha la jikoni lilikuwa wazi. "Tutanunua sensa mpya nne. Utazifunga. Bomba nitakwenda kulitupa mwenyewe. Tutamwambia betri zilikwisha, na si uongo, moja ilikwisha kweli. Kesho anaondoka na gari zima. Nani ameumia?"

Akaligeuza bomba, akaipapasa ile mistari myeupe.

"Bwana, binti yako anakuona wewe ndiye fundi wa mafundi. Unataka kujivunjia heshima kwa kipande cha bomba?"

"Kumi na nane," akasema.

"Najua ni kumi na nane."

"Jumatano ngapi ameteremka nalo, Kaka?"

Nikakiweka kikombe chini. Akainuka, akanawa mikono kwa sabuni ya unga, taratibu, kidole kwa kidole, akaingia ndani na bomba. Nikamfuata. Sikutaka kwenda, miguu ilinipeleka.

Binti alikuwa mezani anamlisha Kibonge uji. Shemeji alikuwa anakunja nguo. Bwana Pole akaliweka bomba mezani, kando ya bakuli, na Kibonge akalipiga kijiko mara moja, akafurahi.

"Hiki nini?" binti akauliza.

Mdogo wangu akaanza kueleza. Nimeishi naye miaka hamsini na kitu, sijapata kumsikia akisema maneno mengi namna ile kwa mkupuo. Alieleza sensa, akaeleza rimu, akaeleza yule mtu wa saa kumi. Alisema, "Hili nimelitengeneza mimi, kwa mikono hii." Nikangoja anitaje. Hakunitaja. Akasema, "Gari lako lilikuwa linakwambia shwari kwa sababu mimi nililifundisha kusema shwari. Tairi la nyuma kushoto lina pauni kumi na nane. Sijui tangu lini."

"Wazo lilikuwa langu," nikasema. Nilitaka kulisema kwa sauti yangu ya kawaida, likatoka kama la mtu mwenye mafua.

Binti hata hakunitazama. Alikuwa anahesabu, nilimwona midomo. "Nimelinunua wiki sita zilizopita," akasema. "Jumatano sita. Mara kumi na mbili kwenye zile kona, kushuka na kupanda. Na huyu nyuma, kwenye kiti chake." Akafuta mdomo wa mtoto, vizuri, pembe zote. Kisha akatoka.

Shemeji akaacha nguo. "Nyie wanaume wawili," akasema, bila kelele. Kwa mara ya kwanza hakupitia dirishani.

Binti alikwenda kukaa ndani ya gari, upande wa dereva. Gari lenyewe lilikuwa juu ya jeki na vigogo, halina magurudumu mawili, na yeye kakaa humo kashika usukani. Bwana Pole akasimama mbali kidogo, kama mteja anayengoja zamu. Mwishowe akasogea mpaka mlangoni kwake.

"Mwanangu," akasema, "hiyo kazi lazima ifanyike leo. Kama hutaki mkono wangu uguse gari lako tena, sitakasirika. Yuko fundi upande wa pili wa mji, mtu makini. Nitakupeleka."

Mimi nilikuwa nyuma ya kompresa, na nawaambieni, hapo ndipo nilipoona mdogo wangu anaweza kupoteza nini. Watu wengine wangeweza kumkimbia wote, angesema pole akaendelea. Huyu mmoja asingeweza kumfidia.

Binti akashusha kioo, ingawa mlango ulikuwa wazi. "Fundi gani mwingine?" akasema. Sauti ilikuwa nzito. "Nitamjuaje kama naye hana bomba lake? Wewe angalau umeniambia." Akashuka. "Utafunga wewe. Lakini nitasimama hapo hapo, na kila kitu utanionyesha."

"Nitakuonyesha."

"Kila kitu, Baba."

"Kila kitu."

Nikatumwa mimi kwa Mama Kompyuta, fundi wa umeme wa magari, mwenye duka la vipuri kona ya pili na kile kifaa cha kuzungumza na sensa. Alipoona orodha niliyopewa akajishika kichwa. "Bwana Pole ananunua sensa? Nne? Ngoja nikae kwanza." Nikamwambia asikae, aje. Akaja na kifaa chake shingoni kama daktari.

Binti akakunja mikono ya blauzi. Baba yake akaanza kumfundisha, na ile sauti ndogo ikawa inatosha kabisa, kwa sababu waliinamisha vichwa pamoja.

"Unapolibana tairi kulitoa kwenye rimu, usianzie kwenye valvu. Sensa iko hapo chini, utaivunja. Anzia upande wa pili."

"Wengi huanzia wapi?"

"Popote. Ndiyo maana zinavunjika." Akampa sensa mpya. "Pitisha valvu kwenye tundu. Hako kampira kakae vizuri, kasijikunje. Sasa nati. Kwa mkono kwanza. Halafu spana ndogo, kaza mpaka ikatae, uache hapo."

"Nisiongeze kidogo?"

"Hapana. Wote wanaongeza kidogo."

"Baba Mkubwa je, angeongeza?"

"Huyo angeongeza mpaka ikatike."

Wakacheka, wote watatu pamoja na Mama Kompyuta, na mimi nikawaachia wacheke. Siku nyingine ningejibu.

La kwanza alifunga baba, la pili baba, la tatu wakasaidiana, la nne akafunga binti peke yake, na jasho kwenye pua. Wakajaza upepo, wakayapitisha kwenye mashine ya kusawazisha, wakayarudisha kwenye gari. Mama Kompyuta akazunguka na kifaa chake, akikigusisha karibu na kila valvu: mbele kushoto, mbele kulia, nyuma kulia, nyuma kushoto. Kila mara kikalia kipiii. Gari likapokea namba nne mpya. Akasema, "Sasa litembezeni dakika ishirini, liwazoee."

Wakaenda wawili, binti anaendesha. Waliporudi taa ilikuwa imezima.

"Nitajuaje kama imezima kweli safari hii?" binti akauliza.

Ni swali la haki. Bwana Pole hakusema niamini. Aliinama kwenye gurudumu la mbele akatoa upepo, fss, kisha wakapanda tena, wakazunguka mtaa. Taa ikawaka. Wakarudi, akajaza, wakazunguka. Ikazima. Kisha akampa geji yake mwenyewe, ile ya shaba ambayo mimi nikiigusa ananifuata kwa macho. "Hii ikae kwenye gari," akasema. "Kila Jumatano kabla ya kuondoka, pima. Taa ikisema neno, geji iseme pia."

Kesho yake wakaondoka. Binti alimkumbatia baba yake, mafuta ya gari na yote. Mimi alinipa mkono kwanza, akaniangalia kidogo, ndipo nami akanikumbatia, kidogo kuliko zamani. Nilistahili hivyo.

Tangu siku hiyo Bwana Pole amekuwa mtu wa ajabu. Huyu ambaye hawezi kumwomba jirani ngazi, sasa akiona gari la aina ile anaacha kazi anavuka barabara, anagonga kioo. "Samahani. Pole. Naomba nitazame kwenye buti lako." Wengine walimdhania mwizi. Mmoja alimpigia honi. Lakini hakuacha, na mimi nakwenda naye kwa sababu sura yangu ndiyo inayofungua milango. Mabomba manane tumeyapata mpaka sasa, ukiongeza lile la kwanza tisa. Mawili bado.

Jumatano ya pili baada ya hapo, saa tatu asubuhi, simu yake ikalia. Mikono ilikuwa na grisi, nikambonyezea mimi kwa sauti ya nje.

"Baba, taa imewaka."

Aliacha gurudumu la mteja likining'inia, akatoka nje, mbali na kompresa. Mimi nyuma na simu mkononi.

"Inapepesa au imetulia?"

"Imetulia. Haijapepesa hata kidogo."

"Uko wapi?"

"Juu, kabla ya kona ya kwanza. Nimeegesha pembeni kwenye tambarare."

"Umepima?"

"Yote manne. Matatu yana thelathini na tatu. Nyuma kulia ishirini na mbili. Nyumbani lilikuwa zima, Baba, nilipima. Kuna skrubu, naona kichwa chake."

"Usiing'oe."

"Siing'oi. Nafunga la akiba. Nilegeze nati kabla ya kupandisha jeki, sivyo?"

"Ndivyo. Weka jiwe mbele ya gurudumu la mbele kwanza. Mtoto?"

"Nimemtoa, kakaa kwenye nyasi na begi lake. Anakula jani."

"Mnyang'anye jani."

Tukasikia jeki. Tukasikia nati moja moja zikidondoka kwenye kitu cha bati, kifuniko cha sufuria labda. Mteja akaita toka bandani, mdogo wangu akainua kiganja bila kugeuka. Alikuwa ameinama kwenye simu kama vile angeweza kuona.

"Nimemaliza," sauti ikasema, inahema. "Nimekaza kwa kupishanisha. Taa haitazima, au?"

"Haitazima. La akiba halina sensa, ile ya tairi la skrubu umeiweka kwenye buti. Iache iwake. Pima la akiba."

"Thelathini na tatu."

"Haya. Gia ndogo."

"Gia ndogo, Baba."

Injini ikawaka, simu ikakatika. Bwana Pole akabaki pale pale barabarani, mikono ya grisi kaiweka mbali na nguo. Nilimwona anahesabu kona. Mteja alikuja mpaka mlangoni, akatuona, akarudi ndani mwenyewe.

Dakika ishirini na tano. Simu ikalia mlio mfupi mkononi mwangu, ujumbe.

"Soma," akasema.

"Tumefika."

"Soma tena."

Nikasoma tena.